Usitupe Boksi: Mwanga Unavyoharibu Dawa Mikononi Mwetu

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi aliyesimamia wodi ya watoto njiti, Sista Jean Ward, alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto nje wapate hewa na jua kila hali ya hewa iliporuhusu. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto mwenye umanjano ambaye ngozi yake ilikuwa imeanza kurudia rangi ya kawaida, isipokuwa kipande kimoja chenye umbo la pembetatu kilichobaki na manjano iliyokolea. Hapo ndipo pembe ya shuka ilipokuwa imemfunika. Baada ya muda si mrefu, tyubu ya damu ya mtoto mwingine ilisahauliwa dirishani penye jua, na ilipokuja kupimwa ilionyesha bilirubini kidogo mno kuliko ilivyotarajiwa. Walipopima damu mpya ya mtoto huyo huyo, kiwango kikawa juu. Daktari Richard Cremer na wenzake walilifuatilia jambo hilo, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet. Mtoto mchanga anayelazwa leo chini ya taa ya buluu, iwe katika Hospitali ya Muhimbili au kwingineko duniani, anatibiwa kwa ugunduzi uliotokana na shuka ile na tyubu ile.

Kisa hicho husimuliwa kama habari njema, na ni njema kweli. Hata hivyo kina upande wa pili ambao maduka yetu ya dawa, wodi zetu na nyumba zetu hazijauzingatia vya kutosha. Mwanga ukiweza kupenya ngozi ya mtoto na kuibadilisha kemikali iliyo mwilini mwake, kioo cheupe cha ampuli ya sindano hakiwezi kuuzuia. Zipo dawa nyingi ambazo mwanga huzigusa zikabadilika: zipo za kuzuia damu kwa mzazi, za shinikizo la damu, za kifua kikuu, vitamini kadhaa, baadhi ya chanjo na baadhi ya dawa za matone ya macho. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanazifunga kwenye chupa za kahawia, karatasi za fedha na maboksi ya kadibodi. Hoja ya makala hii ni kwamba kifungashio hicho ni sehemu ya dawa yenyewe, na kwamba dawa iliyovuliwa kifungashio chake si dawa ile tena iliyopimwa na kusajiliwa.

Tuanze na jinsi uharibifu unavyotokea, kwa sababu bila kuuelewa, maagizo ya kuweka dawa gizani huonekana kama mkwara wa wataalamu. Mwanga ni nishati. Molekyuli ya dawa ikiinyonya nishati hiyo, elektroni zake huchangamka, na ikishindwa kuitoa nishati hiyo kwa usalama, kifungo kimoja hukatika, au oksijeni hujipenyeza, au umbo lake hubadilika. Yenye nguvu zaidi ni mionzi ya urujuanimno tusiyoiona, lakini mwanga wa buluu tunaouona nao unatosha kuziharibu dawa kadhaa. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba dawa iliyo ndani ya nyumba, nyuma ya kioo cha dirisha, imesalimika kwa kuwa haipigwi na jua moja kwa moja. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia mionzi mikali zaidi tu. Sehemu kubwa ya urujuanimno iliyobaki hupita, na karibu mwanga wote wa kuonekana hupita. Kioo cha kahawia kinafanya kazi tofauti kabisa: hukinga karibu kila kitu kilicho chini ya nanomita 450, yaani urujuanimno, urujuani na sehemu kubwa ya buluu. Rangi ya chupa ya dawa haikuchaguliwa kwa ajili ya urembo.

Nifedipini ni mfano mzuri wa kuutazama kwa karibu. Ni dawa ya kushusha shinikizo la damu, na hutumiwa pia kwa wajawazito wenye shinikizo kubwa au wenye dalili za kujifungua kabla ya wakati. Chembe zake ni za manjano, na umanjano huo wenyewe unatueleza kwamba zinanyonya mwanga wa buluu. Zikipigwa na mwanga wa mchana, hugeuka kuwa kemikali nyingine ya jamii ya nitroso. Zikipigwa na urujuanimno, hugeuka kuwa nyingine ya jamii ya nitro. Zote mbili hazina uwezo wa kushusha shinikizo kama dawa ya asili. Jambo hilo linajulikana kiasi kwamba kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha Uingereza kinaagiza vipimo vya nifedipini vifanywe kwa kuikinga na mwanga, na maabara nyingi huishughulikia chini ya taa za manjano zisizotoa mwanga wa buluu. Fikiria basi: mkemia mwenye shahada haruhusiwi kuishika dawa hiyo chini ya taa ya kawaida, lakini kidonge chake kikikatwa nusu dukani, nusu iliyobaki huachwa juu ya kaunta mbele ya mlango.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja hii umo katika utaratibu wa usajili. Mwaka 1996, chombo cha kimataifa kinachooanisha masharti ya usajili wa dawa, kinachojulikana kwa kifupi kama ICH, kilipitisha mwongozo unaoitwa Q1B kuhusu upimaji wa dawa dhidi ya mwanga. Mwongozo huo unataka dawa imulikwe kwa kiwango kisichopungua laksi-saa milioni 1.2 za mwanga wa kuonekana, pamoja na urujuanimno usiopungua wati-saa 200 kwa kila mita ya mraba. Kilicho muhimu zaidi kwetu ni mpangilio wa kipimo hicho. Kwanza dawa humulikwa ikiwa wazi. Ikibadilika kupita kiasi kinachokubalika, humulikwa tena ikiwa ndani ya kifungashio chake cha ndani, mathalani ampuli au karatasi ya vidonge. Ikishindwa tena, humulikwa ikiwa ndani ya boksi lake la nje. Dawa inayofaulu kwenye hatua hii ya mwisho tu inaruhusiwa kuuzwa, kwa sharti la kubaki ndani ya boksi. Kwa maneno mengine, kuna dawa rafuni ambazo zilishindwa mtihani mara mbili na zikafaulu kwa sababu ya kadibodi. Ukiitoa kadibodi hiyo, umeirudisha dawa kwenye hatua ambayo tayari ilishindwa.

Takwimu hizo za maabara zinaweza kuonekana kubwa mno mpaka tuzilinganishe na mazingira yetu. Jua la mchana lisilo na mawingu hutoa takribani laksi laki moja. Kiwango chote cha kipimo, laksi-saa milioni 1.2, hutimia kwa saa 12 za jua kama hilo, yaani siku mbili za boksi lililoachwa wazi juu ya dashibodi ya gari au kwenye meza ya mchuuzi sokoni. Kwenye kivuli cha nje, barazani, ambako mwanga unaweza kufika laksi elfu kumi, kiwango hicho hutimia kwa saa 120. Ndani ya chumba chenye taa za kawaida na laksi mia tano hivi, kwa saa 12 kila siku, itachukua siku 200. Hesabu hizi si hukumu kwa kila dawa, kwa kuwa zile dhaifu zaidi huanza kuharibika mapema sana kabla ya kiwango hicho, na zile ngumu hupita bila kuguswa. Zinaonyesha tu kwamba tofauti kati ya dirishani na kabatini ni kubwa mno. Sisi wa ukanda huu wa ikweta hatuwezi kujifariji kwa mwanga hafifu wa majira ya baridi ya Ulaya.

Sasa tutazame tunavyofanya. Katika zahanati nyingi, vidonge huja kwenye makopo makubwa ya vidonge elfu moja, huhesabiwa kwenye sinia, kisha hutiwa kwenye kibahasha au kifuko cha nailoni cheupe. Kwenye maduka ya dawa, boksi hufunguliwa ili karatasi za vidonge zikatwe kwa mkasi kulingana na pesa ya mteja. Boksi hutupwa siku hiyo hiyo ili nafasi ipatikane, na karatasi zilizobaki hupangwa kwenye kikapu cha plastiki au nyuma ya kioo cha kabati la maonyesho linaloelekea barabarani. Insulini hukaa kwenye friji la vinywaji lenye mlango wa kioo na taa inayowaka mchana na usiku. Wodini, ampuli hutolewa kwenye maboksi na kupangwa kwenye trei ili ziwe karibu dharura inapotokea. Kila moja ya tabia hizi ina sababu yake ya maana: uchache wa pesa, ufinyu wa nafasi, haraka ya kuokoa maisha. Hakuna anayeifanya kwa uzembe tu. Ndiyo maana kuzibadilisha kunahitaji hoja, na si kufoka.

Trei ya leba inastahili tuitazame zaidi, kwa sababu hapo ndipo kosa la mwanga hugharimu uhai ndani ya dakika. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya akina mama, na dawa mbili za sindano zimekuwa tegemeo la wakunga kwa miongo mingi: oksitosini na ergometrini. Utafiti uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1993, kuhusu uthabiti wa dawa hizi katika nchi za joto, ulionyesha kwamba zina maadui tofauti. Oksitosini huumizwa na joto, ilhali mwanga hauisumbui sana. Ergometrini nayo huumizwa na joto, lakini mwanga ndio hasa unaoimaliza. Ikiwekwa gizani huweza kuvumilia muda mfupi nje ya friji, na ikiachwa mwangani hudhoofika haraka. Ampuli hizo mbili hukaa trei moja, pengine kwenye kidirisha cha leba kwa kuwa ndiko kuna nafasi na ndiko mkunga anakoona vizuri. Hakuna anayeweza kujua kwa macho kwamba ile ya ergometrini imepungua nguvu, kwa sababu maji hayo huweza kudhoofika kabla hayajabadilika rangi. Mkunga atachoma sindano, mfuko wa uzazi hautajikaza, na lawama itaenda kwa mama aliyechelewa kufika au kwa mkunga mwenyewe.

Pingamizi la kwanza ambalo wahudumu wa afya hulitoa ni kwamba tatizo letu kubwa ni joto, na kwamba kuanza kuzungumzia mwanga ni kutawanya nguvu chache tulizonazo. Pingamizi hilo lina uzito. Umeme hukatika, mafriji hufa, bohari za wilaya huwa na mabati yanayochemka kuanzia saa tano asubuhi. Lakini tukiangalia gharama, mambo haya mawili hayashindani hata kidogo. Kulinda dawa na joto kunahitaji friji, umeme, mafuta ya jenereta, fundi na kipimajoto. Kuilinda na mwanga kunahitaji kutoitupa kadibodi ambayo tayari imeshalipiwa. Tena, kituo kisicho na friji ya kuaminika ndicho chenye sababu kubwa zaidi ya kuikinga ergometrini na mwanga, kwa sababu giza linaipa dawa hiyo muda wa ziada ambao friji haikuweza kuipa. Ukisema tusubiri tumalize suala la joto kwanza, unaondoa mkononi mwa muuguzi kinga pekee iliyo ndani ya uwezo wake leo.

Kuna jambo jingine ambalo mafanikio ya vita dhidi ya joto yamelificha. Tangu mwaka 1996, chanjo zimekuwa zikibandikwa kialama kidogo, mraba ndani ya duara, ambacho hubadilika rangi kadiri kichupa kinavyokusanya joto. Mraba ukifikia rangi ya duara, chanjo hutupwa. Ni uvumbuzi mzuri sana, na mhudumu wa chanjo vijijini anaujua kuliko anavyoijua saa yake. Lakini kialama hicho hakipimi mwanga. Chanjo ya kifua kikuu wanayopewa watoto wachanga na ile ya surua na rubela hazipendi mwanga mkali, na ndiyo sababu vichupa vyake huwa vya kahawia. Zikishachanganywa na maji yake huwa dhaifu zaidi, na mwongozo unataka zitumike ndani ya saa sita au zitupwe. Siku ya kliniki ya mkoba chini ya mwembe, kivuli kinahama jinsi jua linavyopanda, na kichupa kilichowekwa kivulini saa mbili asubuhi huweza kuwa juani saa nne. Mhudumu akitazama kialama kikiwa kizuri, atadhani kichupa ni kizima kwa kila hali. Hapo dawa ni rahisi: kichupa kirudishwe kwenye sponji ya kibebeo kila baada ya kuvuta dozi, na meza ihamishwe pamoja na kivuli.

Pingamizi la pili husema kwamba dawa iliyopigwa na mwanga hupungua nguvu tu, haimdhuru mtu. Mgonjwa atapata dozi ndogo kidogo, na maisha yataendelea. Kwa baadhi ya dawa jibu ni kwamba hata kupungua kwenyewe ni madhara. Daktari anayemwongezea mgonjwa dozi ya dawa ya shinikizo kwa sababu haoni nafuu hajui kwamba tatizo liko kwenye kifuko cha nailoni, na siku mgonjwa huyo atakapopata vidonge vizima kutoka boksi jipya, dozi ile kubwa inaweza kumwangusha kwa kizunguzungu. Kwa dawa nyingine jibu ni kali zaidi. Nitroprusaidi ya sodiamu, inayotumiwa kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi kushusha shinikizo lililopanda kwa kasi ya kutisha, ikipigwa na mwanga huachia sianidi. Maji yake mazuri huwa na rangi hafifu ya udongo. Yakigeuka buluu, kijani au nyekundu iliyokolea, hayafai tena. Ndiyo maana mfuko wake wa dripu huvishwa foili au kifuniko kisichopitisha mwanga tangu unapotundikwa. Hapa hatuzungumzii dawa iliyolala usingizi. Tunazungumzia dawa iliyogeuka sumu.

Na rangi, kwa zile dawa zinazoonyesha rangi, ni shahidi tunayempuuza. Furosemaidi ya sindano, inayotolewa kwa mgonjwa aliyejaa maji mapafuni, hugeuka manjano ikikaa mwangani, na maelekezo yake yanataka itupwe ikifikia hapo. Adrenalini, dawa ya kwanza kutafutwa mtu anapopata mzio mkali, huelekea rangi ya waridi kisha kahawia inapoungana na oksijeni, na mwanga huharakisha kazi hiyo. Kuangalia rangi ya ampuli kabla ya kuivunja huchukua muda mfupi kuliko kuivunja kwenyewe. Tahadhari ni moja tu: rangi nzuri si cheti, kwa sababu dawa nyingi huharibika bila kubadilika rangi kabisa.

Pingamizi la tatu ndilo lenye haki zaidi, nalo linatoka kwa wauza dawa na wateja wao. Wanasema: mgonjwa hana pesa ya boksi zima, ananunua vidonge sita, na hivyo vidonge sita atavimeza ndani ya siku tatu, sasa mwanga wa siku tatu chumbani utavifanya nini? Kwa vidonge vingi, ukweli ni kwamba hautavifanya kitu cha maana. Kidonge kigumu hujikinga chenyewe, kwa sababu mwanga hugusa tabaka la juu tu, na vingi vimevikwa ngozi ya rangi iliyochanganywa na madini yanayozuia mwanga kupenya. Kuwatisha watu kwamba kila kidonge kilichotoka kwenye boksi kimekufa ni uongo, na uongo wa namna hiyo huwafanya wasisikie pale panapostahili hofu. Tatizo halimo kwenye siku tatu za mgonjwa. Limo kwenye miezi mitatu au minne ambayo karatasi iliyobaki hukaa kwenye kikapu nyuma ya kioo cha duka kabla ya kumfikia mgonjwa huyo. Limo pia kwenye kidonge kilichokatwa au kusagwa, ambacho kimevuliwa ngozi yake na kuongezwa eneo la kupigwa na mwanga, na limo hasa kwenye dawa za maji, ambazo hazina tabaka la juu la kujikinga.

Kwa hiyo muuza dawa haombwi akatae kuuza vidonge sita. Anaombwa aache boksi kwenye rafu mpaka karatasi ya mwisho iishe, akate kutoka ndani yake, na arudishe kilichobaki humo humo. Faida yake haiishii kwenye mwanga: boksi ndilo lenye namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda kwa maandishi yanayosomeka, na karatasi iliyokatwa mara nyingi hupoteza vyote viwili. Kwa dawa inayohesabiwa kutoka kopo, bahasha ya karatasi nene ya kaki ni bora kuliko kifuko cheupe. Nchini Tanzania mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini vifungashio vya plastiki vya huduma za afya viliachwa. Hakuna sheria inayomzuia mfamasia kuchagua bahasha. Kabati la maonyesho nalo linaweza kubaki, likiwa na maboksi matupu kwa ajili ya macho ya wateja na dawa zenyewe nyuma, kwenye droo.

Kuna pingamizi la nne, la kitaalamu zaidi, kutoka kwa wauguzi wa wodi kubwa: mfuko wa dripu uliofunikwa wote hauruhusu kuona viputo, mashapo, wala kiasi kilichobaki. Wana haki. Kufunika kila dripu kwa sababu lebo ya kichupa inasema ikingwe na mwanga ni kutoelewa lebo. Maneno hayo mara nyingi yanahusu kuhifadhi kwa miezi, na muda wa kumwingia mgonjwa ni suala jingine. Amfoterisini B ni mfano unaofaa: ni dawa ya fangasi, inayotumiwa sana kwa homa ya uti wa mgongo kwa wagonjwa wa VVU, na kwa muda mrefu wauguzi walifundishwa kuifunika wakati wote. Lakini vipimo vilionyesha kwamba kwa saa chache za kuingia mwilini, mwanga wa kawaida wa wodi hauidhuru kwa kiasi cha kujali. Hiyo ikae gizani kabatini na ining'inie wazi kitandani. Nitroprusaidi haina msamaha huo. Kinachotakiwa ni orodha fupi ya kila wodi, iliyoandikwa na mfamasia wa hospitali, inayosema ni zipi hufunikwa zikiwa zimetundikwa na ni zipi hukingwa kabatini tu, kisha ibandikwe mahali dawa zinapochanganywa. Orodha ya dawa nane ambayo watu wanaifuata ina thamani kuliko ya dawa mia mbili iliyofungiwa kwenye faili.

Nyumbani mambo ni mepesi zaidi. Anayetumia matone ya latanoprosti kwa presha ya macho aiache chupa ndani ya kiboksi chake, hata ikiwa kwenye friji. Mwenye kifua kikuu asihamishie vidonge vyenye rifampisini kwenye kikopo cheupe kilicho dirishani kwa nia ya kuvikumbuka. Kumbukumbu ijengwe kwa saa ya simu au kwa chai ya asubuhi, na vidonge vikae kabatini. Mwenye insulini anayesafiri kwa basi asiiweke kwenye mfuko wa kiti unaopigwa na jua. Vikasha vya kupangia dawa za wiki, ambavyo vimeanza kuzoeleka mijini, vinafaa sana kwa wazee wenye dawa nyingi, lakini vile vya plastiki ing'aayo vinatakiwa kuwekwa ndani ya droo, na dawa ambayo maelekezo yake yanataka ibaki kwenye kifungashio isihamishiwe humo. Bodaboda anayepeleka dawa akabidhiwe boksi ndani ya bahasha, asining'inize kifuko cheupe kwenye usukani.

Hayo yote yanaangukia kwa mgonjwa na mhudumu, na si haki yaishie hapo, kwa sababu maamuzi makubwa hufanywa juu yao. Bohari ya Dawa ya Tanzania na mwenzake wa Kenya, KEMSA, hununua kwa wingi unaowapa sauti ya kuweka masharti. Zabuni ya ergometrini au ya vitamini K ya sindano inaweza kudai ampuli ya kioo cha kahawia, badala ya kukubali kioo cheupe kilicho ndani ya boksi linalotarajiwa kubaki zima mpaka mwisho. Inaweza pia kudai ukubwa wa boksi unaolingana na matumizi. Boksi la ampuli mia moja hubaki stoo, na leba hupelekewa ampuli kumi zilizo uchi kwenye bakuli la chuma. Boksi la ampuli kumi huingia leba lilivyo, na hutoka likiwa tupu. Onyo la mwanga linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, upande wa mbele wa boksi na si kwenye kikaratasi cha ndani ambacho hakuna anayekikunjua. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania huomba ushahidi wa kipimo cha mwanga inaposajili dawa, na wakaguzi wake huingia madukani. Katika ziara hizo, swali la boksi lililofunguliwa liko wapi linaweza kuulizwa pamoja na yale ya leseni na tarehe ya kwisha muda, na jibu lake huonekana kwa macho, pale pale kaunta.